Huyo Mtu Ninayebadilishana Naye Vitabu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku sijambo kabisa, na ombi langu ni kwamba barua hii ikufikie nawe hujambo, mguu umepoa, na mama amekuruhusu kuutumia. Ameniambia kwamba bado unaamkia mezani na saa za watu, na kwamba ukiambiwa upumzike unajibu kuwa zinazopumzika ni saa, wewe kazi yako ni kuziamsha. Basi zisalimie zote zilizolala hapo mezani. Mikono yangu ina alama mpya za kuungua kwenye tanuri, lakini hizo ni za kazi, hazina neno. Chumba changu kimepakwa rangi. Mwenye nyumba alichagua rangi mwenyewe, ndiyo maana sitaisema ni ipi.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaona hili si jambo la kucheka, watu hawa wamekaa kikao. Mimi nilikutajia kwa kupitia tu kwamba nimempata mtu wa kubadilishana naye riwaya, mtu ambaye akinipendekezea kitabu hakosei. Wewe na mama mkaruka moja kwa moja hadi kwenye posa! Ukaniuliza huyo mtu ni wa ukoo gani, anafanya kazi gani, na imekuwaje mtu mzima ana nafasi ya kusoma hadithi. Hilo la mwisho umeniuliza wewe, baba, wewe ambaye mama hukunyang'anya kitabu ili ule. Mama naye akachomeka swali lake pembeni kwa kalamu nyingine, akitaka kujua kama ni mrefu.

Nitajibu yote. Ila swali la ukoo nimeliweka nyuma kwa makusudi, na nakuomba usiruke kurasa kulitafuta, maana nakujua. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe husema haya, haya, halafu unamkabidhi mama. Jambo hili halitoshi kwenye haya mbili. Kaa kitako, uvae miwani.

Unajua jinsi kazini kwetu kulivyo. Jikoni ni nyuma, duka ni mbele, na katikati kuna mlango wa kusukuma ambao bosi hataki uachwe wazi, kwa sababu mvuke wa jikoni unalegeza mikate iliyoko kwenye rafu. Kwa hiyo mimi wateja siwaoni. Nawasikia tu kama watu walio chumba cha pili. Anayekaa nao ni muuzaji wetu wa kaunta, mtu mzima mpole sana, ambaye sisi wa jikoni tumembandika jina la Muhtasari. Jina lilimpata siku gari lilipogonga nguzo ya umeme mbele ya duka, watu wakajaa barabarani, nasi tukachungulia kumuuliza kumetokea nini. Akasema gari. Kisha akaendelea kufuta kaunta. Mpaka leo habari zaidi ya hiyo hatujaipata kwake.

Siku moja nilisahau riwaya yangu pale kaunta wakati wa chai. Ilikuwa ile niliyokuandikia habari zake, ya mpima ardhi anayetumwa kupima mipaka ya kijiji kilichomfukuza akiwa mtoto. Niliporudi kuitafuta, Muhtasari akaniambia imechukuliwa. Nikamuuliza imechukuliwa na nani, akasema na mteja. Nikauliza kama mteja huyo atairudisha, akasema amesema. Nilikasirika, baba, nikaenda kukanda unga kama ninayegombana nao. Kumbe mteja alikuwa akisubiri mikate ya moto itoke, akafungua ukurasa wa kwanza kupoteza muda, mikate ikatoka, ikapoa, yeye hajui.

Baada ya siku kadhaa kitabu kikarudi, na juu yake kuna kingine, na ujumbe. Muhtasari alisimama mlangoni akautoa wote kwa pumzi moja, kwamba anashukuru, na soma hiki. Hicho kingine kilikuwa riwaya ya mwanamke mpiga chapa wa mahakama, ambaye siku moja analetewa hukumu ya mume wake mwenyewe aichape. Nilikianza nikiwa nasubiri unga uumuke. Nilipoinua kichwa unga ulikuwa umevuka kingo za chombo, unashuka mezani. Nikajua nimempata mtu.

Tangu hapo tukawa tunapokezana. Mimi natoa kimoja, naye analeta kimoja, na katikati yetu yuko Muhtasari. Wazo la kuandika vikaratasi nililiacha, kwa sababu mikono yangu kutwa nzima ni mafuta na unga, na kwa kweli nilipenda kule kusubiri nisikie atasema nini. Shida ilikuwa kwamba mimi nikipenda kitabu ninasema sana. Nilimsimamisha Muhtasari nikampa maelezo marefu kuhusu yule mpiga chapa, kwamba alipokosea herufi moja makusudi hakuwa anamwokoa mumewe, alikuwa anajipima mwenyewe, na mengine mengi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Baadaye niliposikia sauti yake kaunta anafikisha ujumbe, alisema kwamba mwokaji amekipenda.

Hata ugomvi ukatokea. Nilituma kuuliza kama mpima ardhi alifanya haki kuchora mpaka wa kweli, hata baada ya kuona unawapa ushindi wale waliomfukuza. Jibu likaja kwamba hakubali. Mimi nikakereka. Nikatuma hoja zangu, likaja jibu kwamba bado hakubali. Tuliendelea hivyo hadi nikakaribia kuacha kumpelekea vitabu. Nilikuja kujua baadaye kwamba asiyekubali alikuwa mpima ardhi mwenyewe, maana maneno ya mwenzangu yalikuwa kwamba yule mtu moyoni hakubali kamwe kuwaonea kama walivyomwonea, ndiyo maana anataka mstari unyooke. Tulikuwa upande mmoja tangu mwanzo, tunapigana kupitia kinywa cha Muhtasari.

Sasa nikwambie kilichonifanya nianze kukosa utulivu. Siku moja Muhtasari alileta kitabu akasema kwamba hiki ni kile kilichompitisha kituo. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, kwamba mteja anakiita kile kilichonipitisha kituo, kwa sababu alikisoma kwenye basi akapitwa na kwake. Baba, mkate niliokuwa nao mkononi ulianguka. Unajua vyema kwamba nyumbani kwetu hatukuwahi kuita riwaya kwa majina yaliyoandikwa kwenye jalada. Kuna kile kilichounguza sufuria, kuna kile cha mama kulala nje ya mlango uliofungwa, na kile kilichompa paka maziwa, ambacho ndicho babu wa vyote. Kitabu kisichotia mtu hasara ulikuwa ukisema hakijasomwa, kimepitiwa. Nilidhani ni wendawazimu wa nyumba yetu peke yake. Leo mtu nisiyemjua, nyuma ya mlango wa kusukuma, anafanya hivyohivyo bila kufundishwa na mtu!

Basi udadisi wangu unaufahamu, ndio ulionivunjisha saa ya jirani nilipotaka kuona kinachotoa sauti. Nilimbana Muhtasari. Nikamuuliza huyo mteja ni mtu wa namna gani. Akasema wa kawaida. Nikamuuliza anaonekanaje. Akasema anavaa miwani. Nikamuuliza kama ni mcheshi, akafikiri kidogo, akasema akisoma anacheka. Wenzangu wa jikoni wakaanza kunitania. Siku ile nilipopaka nywele mafuta kabla ya kuja kazini, mmoja alipiga vigelegele. Nami sikatai, baba. Nilikuwa nimeshamtengeneza kichwani, nimempa sauti nzito na mashati yaliyopigwa pasi. Nilijiambia kwamba mtu anayeita vitabu kwa hasara zake hawezi kuwa mume mbaya.

Wiki iliyopita Muhtasari aliamka na homa, na bosi akaniambia nivue aproni nikae kaunta. Nilikaa pale na moyo wangu juu. Kila aliyeingia na miwani nilimtazama mpaka anajikagua nguo. Mchana kidogo akaingia mama mmoja mfupi, mwembamba, mwenye miwani, nywele zake zimekuwa nyeupe mbele zikabaki nyeusi nyuma, na utepe wa kupimia umening'inia shingoni kama mtu aliyetoka kazini kwa haraka. Akaweka kitabu kaunta. Akauliza yule muuzaji wa siku zote yuko wapi, maana ana ujumbe wa kumpelekea yule kijana wa jikoni, mwokaji, anayempa riwaya nzuri.

Nikamwambia kijana wa jikoni ndiye mimi. Akanitazama. Nami nikamtazama. Kisha tukaangua kicheko hadi mteja mwingine akatoka bila kununua kitu. Kumbe naye alikuwa amenitengeneza kichwani! Alinipa mabega mapana ya kubeba magunia, na alikuwa anatafuta njia ya kunikutanisha na binti wa jirani yake ambaye hajaolewa. Amesema, anauliza, amekipenda, ameondoka: katika maneno yote hayo ya Muhtasari hakuna hata moja linalokujulisha kama mtu ana ndevu. Wewe na mama mlianguka shimo lilelile nililoanguka mimi, kwa hiyo msinicheke. Mama, jibu lako ni hilo. Si mrefu. Kazi yake ni kushona mapazia, na ndiyo anayo nafasi ya kusoma hadithi, kwa sababu anasoma hata akiwa anasubiri pasi ipate moto.

Nilipotoka kazini nilimkuta ananisubiri kwenye benchi nje ya duka. Tukakaa, tukala mkate mkavu, tukazungumza vitabu bila mtu wa katikati, na ilikuwa kama kufungua dirisha lililokwama. Tulikatizana maneno. Nilimwambia anipendekezee kitu cha kunichekesha, akasema vya kuchekesha ndivyo vigumu kupata, na uso wake ukabadilika kidogo, nami sikulifuata hilo. Nikamuuliza nililotaka kuuliza tangu mwanzo, kwamba ameitoa wapi ile tabia ya kuita kitabu kwa hasara yake.

Akasema ilianza utotoni, yeye na kaka yake. Waliachiwa maziwa jikoni wayaangalie yasifurike, wakawa wanasoma kitabu kimoja vichwa vimegusana, anayemaliza ukurasa kwanza anamsubiri mwenzake. Kaka yake alikuwa msomaji mzito, akipenda sentensi anairudia kwa midomo, na yeye alikuwa akimfinya ili wageuze. Maziwa yakafurika, yakazima moto, na paka akanywa hadi akalala chali mlangoni.

Kisa hicho nimekisikia mara nyingi kuliko kisa kingine chochote maishani mwangu, baba, na kila mara ulisema mlikuwa wawili, wewe na mwenzako. Hatukukuuliza hata siku moja mwenzako ni nani. Mimi niliamini ni rafiki wa shuleni. Na ni nani hapa duniani anayerudia sentensi kwa midomo, kama si wewe? Nikamuuliza kaka yake huyo anafanya kazi gani. Akasema mara ya mwisho alipokuwa na habari zake, alikuwa fundi wa saa.

Uliniuliza huyo mtu ni wa ukoo gani. Ni wa ukoo wetu. Ni shangazi yangu. Ni dada yako.

Sijui umekaa au umesimama unaposoma hapa. Kama umesimama, tafadhali kaa. Nilikuwa najua kwamba uliwahi kuwa na dada, maana mama alinidokezea nilipokuwa mdogo, akaniambia nisikuulize. Kwa jinsi alivyosema nilidhani amefariki. Nilimwambia mimi ni nani. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku kama anayetafuta mshono, kisha akauliza kama bado unasoma. Nikamwambia unasoma. Akauliza kama bado midomo inacheza. Nikamwambia inacheza. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia.

Yaliyotokea kati yenu alinisimulia siku iliyofuata, kwake, katikati ya mapazia ya watu. Hakutaka kuanza. Nilimbembeleza, kisha nikambana, unajua ninavyojua kubana. Mengine wewe unayafahamu kuliko mimi. Babu alikuwa kitandani muda mrefu, wewe ndiyo kwanza umeanza kazi kwa yule fundi wa saa mjini, na yeye ndiye aliyebaki na mgonjwa mchana. Jirani alikuja kumjulia hali mzee, akamgusa mguu, akaona ameshaondoka, naye shangazi yuko kando ya kitanda na riwaya mkononi. Jirani akakimbia hadi kazini kwako. Habari aliyokupa, nawe ukaja nayo mbio njia nzima, ni kwamba wamemkuta dada yako anasoma, na mzee amekata roho pembeni yake. Ulipoingia ukakiona kitabu kwa macho yako. Ulisema kwamba hiki ndicho kitabu kilichomuua baba. Ulikipa jina kama tulivyozoea kuvipa vitabu, ila hili halikuwa la mzaha. Kisha ukamwambia asikusalimie tena maisha yake yote.

Baba, hakuwa anasoma. Alikuwa anamsomea.

Macho ya babu yalikuwa yameisha nguvu, na kila mchana ulipokuwa kazini alikuwa akimwomba amsomee. Wewe hukujua kwa sababu jioni ukirudi alitaka habari za saa, siyo za vitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa cha vichekesho, cha bendi ya mji mdogo inayopotelewa na tarumbeta usiku wa kuamkia shindano, na kila mpiga ngoma anamshuku mwenzake. Babu alikipenda mno. Alikuwa akisikiliza amefumba macho, anatabasamu, na shangazi akinyamaza kupumzisha koo, alikuwa akiinua kidole na kusema endelea. Siku hiyo alisema endelea. Akaendelea. Babu alikuwa amefumba macho kama siku zote na anatabasamu kama siku zote, na shangazi akaendelea hadi jirani alipoingia. Hajui ni katika ukurasa gani alipobaki akisoma peke yake.

Nilimkasirikia. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia palepale, kwa nini alikuacha uondoke na neno hilo moyoni. Akasema kwamba hukuuliza, na kwamba hata yeye hakuwa na uhakika kama ipo tofauti. Iwe alikuwa anasoma au anamsomea, mzee alikwenda na yeye hakuinua macho. Alikaa na hilo miaka yote. Riwaya aliziacha kabisa, akawa hata akipita mbele ya duka la vitabu anavuka barabara, mpaka ile siku ya kusubiri mikate, alipofungua ukurasa wa kwanza wa kitabu changu bila kufikiri, kama mtu anayejikuna, na akashtuka kwamba anasoma.

Mimi nilimwambia tofauti ipo, tena kubwa. Jirani alikuwa anakimbia, pumzi hana, akalikata neno ili liwe jepesi, akaiacha nje sehemu yake yenye babu ndani. Wewe siku zote umeamini kwamba baba yako aliita na hakuna aliyemsikia. Hakuita. Alikuwa na mwanawe, alikuwa anachekeshwa, na neno lake la mwisho lilikuwa endelea. Nimekuandikia barua hii yote kwa ajili ya sentensi hizo chache, na zile za mikate na Muhtasari nilizitanguliza kwa sababu niliogopa kwamba nikianza na hizi hutafika mwisho.

Sikuhukumu, baba. Ulikuwa kijana, ulikuwa umempoteza baba yako, na neno ulilopewa ndilo ulilolifanyia kazi. Lakini sasa umepewa neno kamili, na kazi ya kulipima ni yako, mimi sina uwezo wa kukufanyia. Naogopa. Naandika nikiogopa kwamba utaikunja karatasi hii, uiweke chini ya bati la vipuri, urudi kwenye saa za watu. Ukifanya hivyo nitakuheshimu kama baba yangu, lakini nitaumia sana, na sitaacha kubadilishana vitabu na shangazi yangu.

Nimemuuliza tusome nini baada ya hapa. Akasema kipo kimoja hakukimaliza, na hajui kilipo, kwa sababu wewe ulikichukua mikononi mwake. Mimi nadhani najua kilipo. Juu ya kabati lenu kuna kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kufutia saa, ambacho tulipokuwa watoto ulitukataza kukigusa, na ukubwa wake ni wa kitabu. Kama ndicho, tafadhali kishushe. Nimeomba ruhusa kazini na Jumamosi ninakuja, na nakusudia kuja naye, isipokuwa unikataze kabla. Anataka kuanzia pale alipodhani babu alikuwa bado anasikiliza, asome kwa sauti hadi mwisho, nawe uwe umekaa hapo. Na kama miaka hii umekisoma kwa siri, nakuomba kwa heshima zote usituambie nani alichukua tarumbeta. Mimi nimeshamshuku mpiga zumari, yeye anasema ni kiongozi wa bendi mwenyewe, na tumewekeana dau la mkate.

Mama nisalimie sana, umwambie ile nguo nimeipata na inanitosha. Wadogo zangu wasalimie, waambie udadisi ni mzuri ila wasiguse kabati kabla sijafika. Wenzangu wa jikoni wanakusalimu. Muhtasari amepona na amerudi kaunta, nilipomwambia ninakuandikia akasema salamu.

Na shangazi anakusalimu. Nimemkumbusha kwamba ulimkataza. Amesema amri hiyo ameishika tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na sasa amechoka nayo, kwa hiyo niandike wazi kwamba anakusalimu, halafu nikae nisubiri kama utaitikia.

Ninasubiri.

Ni mimi binti yako,
Mwokaji